Jinsi ya kuandika maisha ya Agop Dilâçar (au mwalimu yeyote mwenye majina mawili) bila kupotea njiani

Ukimtafuta Agop Dilâçar mtandaoni utakutana na aya zilezile mbili tatu zinazungushwa kila mahali: Muarmenia wa Istanbul, anajua lugha kibao, Atatürk, mwanzilishi wa Jamhuri ya Uturuki, akamwita, akafanya kazi ya kukirekebisha Kituruki mpaka akafa, basi kwisha habari. Sasa mtu anayetaka kuandika kitu cha maana kuhusu mwalimu wa namna hii, labda ni kazi ya chuo, labda ni episodi ya podikasti, labda anapenda tu historia za lugha, anaanzia wapi? Hiyo ndo mada yetu, na nitamtumia huyuhuyu Dilâçar toka mwanzo hadi mwisho maana karibu kila mtego unaopatikana kwenye kazi hii yeye anao.

Kitu kikubwa ukishike mapema. Maisha yake yamekatika vipande viwili na kila kipande kinatunzwa na watu tofauti. Waturuki wanamjua Dilâçar wa Ankara, mtaalamu wa lugha wa kuanzia 1932. Waarmenia wanamjua Hagop Martayan, mwalimu wa Istanbul, Beirut na Sofia kabla ya hapo. Ukisoma upande mmoja tu utaandika nusu mtu, na kibaya zaidi hautagundua kama ni nusu, kwa sababu kila upande unasimulia vizuri tu kana kwamba stori imekamilika.

Majina kwanza, kuzaliwa baadaye

Kabla hujafungua kitabu chochote chukua karatasi uandike kila jina ambalo huyu mtu aliwahi kuitwa, na kila namna ya kuliandika. Usiruke hatua hii hata kama unaiona ya kitoto. Jina la kuzaliwa ni Hagop Martayan. Hagop ndo Yakobo kwa matamshi ya Waarmenia wa Magharibi, yaani wale wa Istanbul na Anatolia (Uturuki ya upande wa Asia), wenzao wa Yerevan wanasema Hakob, na Waturuki wakaandika Agop. Hapo tayari una majina matatu kwa mtu mmoja na bado hujagusa ukoo. Kwenye ukoo utakuta Martayan, Martaian, Martayian, inategemea nani aliandika na alisoma shule ya Wafaransa au ya Wamarekani.

Alafu ikaja sheria ya majina ya ukoo, namba 2525, ya tarehe 21 Juni 1934, iliyoanza kufanya kazi Januari 1935. Kila raia wa Uturuki akatakiwa awe na jina la ukoo, na kanuni zilizofuata zikakataza viishio vya kigeni kama -yan, -of, -viç na -pulos. Waarmenia wengi -yan zao zilibaki tu, utekelezaji haukuwa sawa kila mahali, lakini Martayan akawa Dilâçar. Dil ni lugha, açar ni kinachofungua, yaani mfungua lugha, na kinachosimuliwa siku zote ni kwamba Atatürk ndo alimpa jina hilo.

Sasa hapa kuna kitu ambacho wengi hawakijui na ndo maana wanakosa nusu ya matokeo: kwenye magamba ya vitabu vyake jina mara nyingi ni A. Dilâçar. Herufi moja, nukta, basi. Kwahiyo ukitafuta "Agop Dilâçar" peke yake kwenye katalogi za maktaba unajinyima. Tafuta A. Dilâçar, tafuta Dilaçar bila ile kofia juu ya a, tafuta Dilacar bila mkia wa ç, maana maktaba za Ulaya na Marekani nyingi zilichapa bila alama. Na kama unatafuta maneno mengine ya Kituruki kumbuka Waturuki wana i mbili, yenye nukta na isiyo na nukta, na kompyuta nyingine zinaziona ni herufi mbili tofauti kabisa, kwahiyo neno moja jaribu namna zote mbili kabla hujasema halipo.

Tarehe zitakutoa jasho

Mzaliwa wa Dola ya Osmani, ile iliyotangulia Uturuki ya leo, wa miaka ile anaweza kuwa na tarehe nne za kuzaliwa na zote ni sahihi. Kulikuwa na Hijria kwa mambo ya dini na hati nyingi, kulikuwa na kalenda ya Rumi kwa mambo ya serikali na kodi, kanisa la Waarmenia nalo lilikuwa bado kwenye kalenda ya zamani ya Julius Kaisari mpaka miaka ya 1920, na shule za kigeni zilitumia tarehe hizi tunazotumia sisi leo.

Rumi ndo inasumbua zaidi, kwa sababu miaka yake inafanana na ya Hijria ukiitazama haraka. Hesabu yake iko hivi: mwaka ulianza tarehe 1 Machi, siku zilienda kwa hesabu ya Julius, na ili kupata mwaka wetu unaongeza 584. Ila kama tarehe iko Januari au Februari, kwa miaka ya mpaka 1917, unaongeza 585, maana kwao mwaka ulikuwa haujageuka. Alafu siku zenyewe unasogeza mbele: siku 12 kwa tarehe za kabla ya Machi 1900, siku 13 baada ya hapo mpaka Februari 1917.

Tumfanyie Dilâçar. Alizaliwa tarehe 22 Mei 1895. Kwa Rumi hiyo ni 10 Mei 1311. Kwa Hijria ni mwaka 1312. Umeona balaa? Ukikuta karatasi imeandikwa 1311 tu bila maelezo, ukaisoma kama Hijria, umemzaa mtu kwenye 1893 au 1894 na hesabu zako zote za shule na jeshi zinakataa kukaa sawa. Mambo ya namna hii yamejaa kwenye wasifu za watu wa kipindi hicho, kila mtu anakopi kutoka kwa mwenzake na mwaka unasogea.

Alafu kuna Februari 1917. Serikali ya Osmani iliamua kuacha siku za Julius, kwahiyo baada ya tarehe 15 Februari 1332 kesho yake ikawa 1 Machi 1333. Tarehe za katikati hazipo. Ukikuta hati ya Rumi imeandikwa 20 Februari 1332 ishuku, au aliyekopi kakosea au hati yenyewe ina kasoro. Na mwaka 1333 wenyewe ulikuwa na miezi kumi tu, maana Januari 1918 wakaanza 1334. Kuanzia Januari 1926 mambo yakatulia, Jamhuri ikachukua miaka yetu hii moja kwa moja.

Watu wa Unguja na Lamu ambao nyumbani wana makaratasi ya mababu yenye tarehe za Hijria hapa wana faida, angalau mazoea ya kugeuza mwaka wanayo. Kushika Rumi ndo kazi.

Ushauri wangu: kwenye daftari lako usigeuze tarehe ukaitupa ya mwanzo. Andika ilivyo kwenye chanzo, pembeni weka uliyogeuza. Siku ukigundua kasoro utashukuru.

Herufi tatu, lugha mbili, na mkanganyiko

Hapa pananoga kwa hiyo nitakaa kidogo.

Alipozaliwa Martayan, Kituruki kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Tarehe 1 Novemba 1928 ikapita sheria namba 1353, herufi za Kilatini 29, na kufikia Januari 1929 vitabu vipya vilitakiwa viwe kwa herufi hizo. Hilo wengi wanalijua. Lisilojulikana sana ni kwamba kulikuwa na njia ya tatu: Kituruki kwa herufi za Kiarmenia. Waarmenia wengi wa Anatolia na Istanbul nyumbani walizungumza Kituruki, lakini herufi walizofundishwa kanisani na shuleni ni zile za Mesrop Mashtots za karne ya 5, basi wakaandikia hizohizo. Magazeti, Biblia, riwaya. Akabi Hikâyesi ya Vartan Paşa ilichapwa 1851 kwa njia hiyo, na ni miongoni mwa riwaya za kwanza kabisa kwa Kituruki, imeandikwa na Muarmenia kwa herufi ambazo jirani yake Muislamu kwa kawaida hakuzisoma.

Kwahiyo ukishika kitabu cha shule cha karne ya 19 chenye herufi za Kiarmenia usikimbilie kusema ni cha Kiarmenia. Wakutubi wenyewe wamewahi kuchanganya. Njia rahisi ya kupima: tafuta neno պիր, ambalo kwa matamshi ya Magharibi linasomeka bir, yaani moja kwa Kituruki. Likijitokeza kila mistari miwili mitatu ujue unasoma Kituruki kilichovaa herufi za Kiarmenia. Dalili nyingine ni programu ya kutafsiri kwenye simu, ukiipiga picha ukurasa ikakuletea maneno yasiyo na kichwa wala miguu inawezekana kabisa imelazimishwa kutafsiri Kituruki kama vile ni Kiarmenia. Hata Kiarmenia chenyewe programu hizi zimezoea zaidi cha Mashariki, kwa hiyo maandishi ya Istanbul na Beirut zitayapotosha kidogo, zitumie kujua ukurasa unaongelea nini, usizinukuu.

Herufi za Kiarabu zisikutishe kama ulipita madrasa. Hautaelewa Kituruki, sawa, lakini jina la mtu, jina la mji na tarakimu za mwaka kwenye ukurasa wa mbele unaweza kuvisoma mwenyewe na hivyo ndo vitu unavyovihitaji kuliko vyote.

Kingine cha kukusaidia kupima umri wa maandishi ni maneno yenyewe. Warekebishaji wa miaka ya 1930 walikuwa wanaondoa maneno ya Kiarabu na Kiajemi na kuweka ya Kituruki. Mwalimu alikuwa muallim, ndugu kabisa na mwalimu wetu, akageuka öğretmen. Mektep ikawa okul. Ukikuta kitabu cha kufundishia kimejaa muallim na mektep ujue ni cha kabla ya hapo au mwandishi wake ni mtu wa zamani aliyegoma.

Panga maisha kwenye mstari, na usiruke 1915

Ukishakuwa na majina na tarehe, chora mstari. Wa Dilâçar unakaa hivi kwa ufupi.

Alisoma shule za Wamarekani Istanbul na akamaliza Robert College mwaka 1915. Hiyo shule ilianzishwa 1863 na Wamarekani, pale juu ya Bosphorus, mlango-bahari wa Istanbul, na tangu 1971 majengo yake ya awali ni ya Boğaziçi University, kwahiyo ukisoma mtu anasema "alisoma Boğaziçi" ujue anachanganya majina ya nyakati mbili. Akaingia jeshini kama afisa wa akiba wa jeshi la Osmani. Baada ya vita akafundisha Kiingereza palepale Robert College, kisha Beirut ambako aliongoza shule ya Waarmenia, kisha Bulgaria, akafundisha Chuo Kikuu cha Sofia. 1932 akaitwa Istanbul kwenye kongamano la kwanza la lugha. Kuanzia hapo yuko na taasisi ya lugha ya Kituruki mpaka mwisho, akifundisha pia Chuo Kikuu cha Ankara kwenye kitivo cha lugha, historia na jiografia kati ya 1936 na 1951, na akiwa mshauri wa kamusi elezo ya Kituruki toka 1942 hadi 1960. Akafariki Istanbul tarehe 12 Septemba 1979.

Sasa rudi kwenye 1915 usimame hapo. Wasifu nyingi zinaandika "alihitimu 1915, akaenda vitani" kama vile ni mwaka wa kawaida. Tarehe 24 Aprili 1915 viongozi na wasomi wa Kiarmenia walikamatwa Istanbul, humohumo mjini kwake, wengi wao wakauawa, na mwaka huo na uliofuata Waarmenia wa Anatolia walifukuzwa majumbani, wakapelekwa jangwani Syria na kuuawa kwa mamia ya maelfu. Wanahistoria wengi wanayaita mauaji ya kimbari, serikali ya Uturuki inalikataa neno hilo mpaka leo. Na kijana wa miaka 20, Muarmenia, yuko ndani ya sare ya dola hiyohiyo. Wewe kazi yako sio kumuhukumu wala kumbunia mawazo kichwani, maana hapo ndo waandishi wanapoanza kutunga, eti "moyo wake uliuma alipoona", nani alikwambia? Weka mambo mawili pembeni kwa pembeni, tarehe na tarehe, msomaji sio mjinga.

Ukiruka hapo hautaelewa pia kwa nini aliishia Beirut kuongoza shule. Beirut ya miaka ile ilijaa Waarmenia waliobaki hai, na shule ndo kitu cha kwanza walichojenga pamoja na kanisa. Na hautaelewa uzito wa 1932, mtu aliyekwisha ondoka anarudi nchi ileile kufanya kazi kwenye lugha ileile.

Kuhusu hiyo 1932 weka maelezo ya kutosha. Taasisi ilianzishwa tarehe 12 Julai 1932 kwa jina la Türk Dili Tetkik Cemiyeti, leo ni Türk Dil Kurumu, na kongamano likafanyika kasri la Dolmabahçe kuanzia tarehe 26 Septemba mpaka 5 Oktoba. Waturuki bado wanaiadhimisha hiyo 26 Septemba kama sikukuu ya lugha. Dilâçar hakuwa Muarmenia pekee aliyealikwa, walikuwepo pia İstepan Gurdikyan na Kevork Şimkeşyan. Taja hilo, maana ukimwacha peke yake unampa msomaji picha ya muujiza wakati ukweli ni kwamba Waarmenia walikuwa wameshughulika na Kituruki kwa vizazi. Bedros Keresteciyan kamusi yake ya asili ya maneno ya Kituruki ilichapwa London 1912, miaka ishirini kabla ya kongamano lenyewe.

Kwa sisi huku kuna cha kulinganisha pia, Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya nchi za Afrika Mashariki ilianza 1930, miaka miwili tu kabla. Kule serikali ya taifa jipya, huku wakoloni, ila mambo waliyokuwa wanagombania, tahajia, vitabu vya shule, neno lipi libaki lipi liondoke, yanakaribiana sana. Mwanafunzi wa isimu akitaka mada ya kulinganisha hiyo hapo bure.

Soma vitabu vyake kama ushahidi

Kwa mwandishi wa vitabu vya kufundishia, vitabu vyenyewe ndo maisha. Huyu bwana ana Azeri Türkçesi ya 1950, Batı Türkçesi ya 1953, Devlet Dili Olarak Türkçe ya 1962, kitabu cha 1963 kuhusu Wilhelm Thomsen na jinsi alivyoyasoma maandishi ya Orhon, yale ya kale ya Kituruki, Türk Diline Genel Bir Bakış ya 1964, Dil, Diller ve Dilcilik ya 1968, uchambuzi wa Kutadgu Bilig (shairi refu la Kituruki la karne ya 11) wa 1972, na Anadili İlkeleri ya 1978 akiwa na miaka 83.

Sio lazima usome vyote. Kwa kila kimoja angalia vitu vichache: nani amechapa, dibaji inamshukuru nani, na mifano ya sentensi imetoka wapi. Kitabu cha shule kinaficha mengi kwenye mifano. Mwandishi akitaka kuonyesha wakati uliopita anaweza kuchagua sentensi yoyote duniani, kwahiyo aliyoichagua ina maana. Usiipe maana kubwa kupita kiasi tu, sentensi moja ni sentensi moja, zikirudiarudia ndo uandike.

Na tazama mfuatano wa mada. Anaanza na Kituruki cha jirani, Azeri, anakwenda kwenye Kituruki kama lugha ya dola, anamaliza na misingi ya lugha mama na jinsi nchi nyingine zinavyoishughulikia. Mimi nikiangalia orodha hiyo naona mtu anayetoka kwenye lugha ya serikali taratibu kuelekea lugha ya mama. Inaweza kuwa bahati tu, lakini ni swali zuri la kuingia nalo kwenye kurasa.

Usiogope sehemu isiyopendeza. Mwaka 1936 kwenye kongamano la tatu ilitawala nadharia ya Güneş-Dil, lugha ya jua, iliyodai kwamba lugha zote za binadamu zimetokana na mlio wa kwanza wa mtu akilitazama jua, na mlio wenyewe ni Kituruki. Dilâçar alikuwa miongoni mwa waliotoa mada kuiunga mkono. Alikuwa msomi wa kweli, na nadharia ilikuwa kichekesho, na alishiriki. Waandishi wanaompenda wanaifuta, wasiompenda wanaiandika hiyo tu. Wewe ieleze kwa aya moja ya kutosha: ilianzaje, nani alikuwa nyuma yake (Atatürk mwenyewe alivutiwa nayo sana), na kwamba baada ya kifo cha Atatürk mwaka 1938 ilizimika haraka. Mtu mwenye akili atajaza mwenyewe kuhusu nani angeweza kusema hapana pale ukumbini, tena akiwa na jina la Agop.

Stori tamu zipitishe kwenye chujio

Kuna tatu ambazo lazima utakutana nazo.

Ya kwanza ni ya vitani. Inasimuliwa kwamba Martayan alikamatwa kwa kushukiwa anaongea na mateka wa Kiingereza, akapelekwa mbele ya Mustafa Kemal (ndiye Atatürk wa baadaye) upande wa Syria, na Mustafa Kemal akaona kitabu alichobeba, sarufi ya Kituruki ya Gyula Németh, ndani yake Kituruki kimeandikwa kwa herufi za Kilatini, akashangaa. Tamu mno, inaunganisha 1928 na kitabu kimoja kwenye begi. Pima hivi: sarufi ya Németh ilitoka 1916, kwahiyo kubebwa 1917 au 1918 inawezekana. Mustafa Kemal alikuwa kamanda upande huo 1917 na tena 1918, inawezekana. Kinachotokana na hapo ni "inawezekana", hakijageuka kuwa "ilitokea". Iandike kama simulizi, useme ni simulizi, uendelee. Na ile hitimisho kwamba herufi za Kilatini zilizaliwa siku hiyo itupe, mjadala wa kubadili herufi ulikuwepo kwa Waosmani tangu karne ya 19.

Ya pili ni kwamba yeye ndo alibuni jina Atatürk. Jina lenyewe lilitolewa kwa sheria namba 2587 ya tarehe 24 Novemba 1934, hilo ni la uhakika. Nani alilipendekeza wanagombana, na wapo watu wengine wanaotajwa pia. Nimeona watu wanaiweka hii kwenye kichwa cha habari kabisa. Mimi ningeiweka chini huko, sentensi moja.

Ya tatu inauma kidogo. Alipofariki, inasemekana televisheni ilitangaza jina lake kama Adil Açar, yaani A. Dilâçar imegeuzwa ikawa jina la Muislamu, na tanzia zikaficha Agop nyuma ya nukta. Watu wanaitumia kuonyesha jinsi Uarmenia wake ulivyofichwa. Hapa tenganisha mambo. Kuandikwa A. Dilâçar peke yake hakuthibitishi kitu, kwa sababu vitabu vyake mwenyewe viliandikwa hivyohivyo enzi za uhai wake. Swali la maana liko nyuma kidogo: kwa nini mtu huyu vitabu vyake karibu vyote vitoke na herufi moja? Alichagua, alishauriwa, au ilikuwa desturi tu ya wachapaji? Wenzake Waturuki wa taasisi hiyohiyo vitabu vyao vina majina kamili au herufi? Hilo unaweza kulihesabu mwenyewe kwenye katalogi bila kusafiri popote, na jibu lolote utakalopata lina thamani kuliko stori ya televisheni.

Na idadi ya lugha alizojua, jamani. Kumi, kumi na mbili, ishirini na mbili, kila anayesimulia anaongeza. Usiandike namba. Andika alichofanya kwa kila lugha: alifundisha Kiingereza, alisoma na kufundisha kwa Kiarmenia, aliandika vitabu kwa Kituruki, aliishi Bulgaria akifundisha chuo kikuu. Inatosha na inashangaza vilevile.

Pa kutafuta ukiwa na simu na bando tu

Anza na Internet Archive na HathiTrust kwa vitabu vya zamani. SALT ya Istanbul ina hazina ya kidijitali ya wazi, picha na makaratasi. Maktaba ya Taifa ya Armenia imeweka magazeti mengi ya zamani ya Kiarmenia mtandaoni, pamoja na ya Istanbul, na huko ndo utaanzia kumtafuta Martayan wa kabla ya 1932. Mradi wa Houshamadyan unaoendeshwa kutoka Berlin ni mzuri sana kwa maisha ya kila siku ya Waarmenia wa Osmani, shule zao zilikuwaje, watoto walikaaje darasani. Makaratasi ya Robert College yako Columbia University, New York. Maktaba ya Nubar ya Paris, ya tangu 1928, nayo ukiandikia barua pepe ya adabu kwa Kifaransa mambo yanakwenda vizuri zaidi.

Magazeti ya Waarmenia wa Istanbul usiyasahau: Jamanak lipo tangu 1908, Marmara tangu 1940, na Agos tangu 1996 linaloandika kwa Kituruki na Kiarmenia, hilo ni rahisi kwa mtafsiri wa simu.

Utaratibu ninaoupenda ni huu: kila habari kwenye daftari iwe na alama ya upande ilikotoka, K kwa vyanzo vya Kituruki, H kwa vya Kiarmenia (maana wao hujiita Hay). Ukimaliza tazama ukurasa. Kama kuna miaka mitano mfululizo ina K tu au H tu, hapo ndo pa kuchimba, usianze kuandika bado.

Kuandika sasa

Sentensi ya kwanza iwe na majina yote mawili pamoja na mji na tarehe ya kuzaliwa: "Hagop Martayan, ambaye tangu miaka ya 1930 alijulikana kama Agop Dilâçar, alizaliwa Istanbul tarehe 22 Mei 1895..." Kisha mwite Martayan mpaka ufike kwenye sheria ya majina, baada ya hapo mwite Dilâçar. Ukimwita Dilâçar akiwa Beirut unamvalisha kofia ambayo hakuwa nayo. Mji nao vivyohivyo, ila kwa Istanbul chagua jina moja uelezee mara moja tu, ukibadilishabadilisha na Konstantinopoli msomaji atadhani ni miji miwili.

Usimwite msaliti, usimwite daraja. Haya mawili ndo yamechosha kuliko yote kwenye stori za watu kama yeye. Sema alifundisha nini, wapi, kwa kitabu gani, nani alimlipa mshahara.

Kabla ya kutoa, mtafute msomaji mmoja wa Kituruki na mmoja wa Kiarmenia wakague majina na tahajia tu, usiwaombe maoni ya siasa hapo utakesha. Picha nazo angalia haki zake, picha za miaka ya 1960 na 1970 nyingi bado zina mwenyewe. Na ukimaliza huyu, Gurdikyan na Şimkeşyan nao walikuwepo Dolmabahçe 1932 na kwa Kiswahili sijaona mtu aliyewagusa, njia ni hiihii, anza na majina.